Safu ya 1143

Kadifu, Novemba, chumba cha tatu.
Rejeta inagonga kama mtu aliyefungiwa ukutani.
Nimeapa kutoongeza, nimeapa kutopunguza;
nalipwa kwa saa.
Kushotoni kwangu Bi Mwanaisha Shekuwe,
mtandio wa zambarau, mkoba magotini,
na mkobani kitabu cha baharia cha marehemu
kimefungwa kwa mpira wa chupa ya dawa.

Ugomvi wote ni wa neno moja.
Pensheni ni ya mjane wa baharia *aliyekaa* nchini.
Bwana Tranter, wakili wa wizara, amehesabu:
miaka kumi na tisa ya kazi,
na usiku aliolala Kadifu hautimizi minne.
Mtu hakai asipokuwapo, anasema.
Nami nalileta kwa Kiswahili, linanigeuka mdomoni:
kaa, keti;
kaa, ishi;
kaa, la moto.
Athmani Shekuwe alikaa na makaa,
koleo mkononi tumboni mwa meli,
akikohoa weusi hadi kwenye shuka za Mtaa wa Loudoun.
Lakini nimeapa.
Nasema *kukaa* mara moja tu, napita.

Wakili wetu, Rhiannon Prosser, ana mafua.
Anainuka na kitabu kinene kama tofali:
"Hansadi, Mheshimiwa. Safu ya elfu moja mia moja arobaini na tatu."

Jaji anavua miwani.
Kwanza, anasema, nionyesheni utata wa sheria;
maji yakiwa maangavu hatutii mti kupima kina.
Nusu saa wanabishana
kama kitabu kifunguliwe.
Bi Mwanaisha ananinong'oneza:
"Kitabu kiko mezani, macho wanayo. Wanangoja nini?"

Kinafunguliwa.
Saa sita usiku kasoro dakika kumi,
mwaka ambao mimi bado sijazaliwa,
Waziri alisimama Bungeni akasema:
*Baharia ambaye sufuria yake iko jikoni hapa, anakaa hapa,
hata kama mwenyewe yuko Pasifiki.*
Kisha, ndani ya mabano,
kama punje iliyonasa kati ya meno:
*(Kicheko.)*

Tranter huyo, juu: Ni mzaha!
Serikali haifungwi na mzaha wa usiku!
Prosser anapenga kamasi: Ni ahadi.
Jaji anaandika, anafuta, anaandika.

"Aitwe basi huyo Waziri," anasema Bi Mwanaisha,
"aulizwe alikuwa akimaanisha nini."
Natafsiri. Jaji anajibu kwa upole wa mtu aliyekwisha kujibu hivyo:
la Bungeni twaweza kulisoma,
aliyelisema hatumhoji; ni mwiko wa karne tatu.
Na hata hivyo, Mama, alikwisha kufa.

"Wamelingana, yeye na Athmani.
Ila mwenzake aliandikiwa.
Mali bila daftari hupotea bila habari."
Hilo nimelitafsiri kwa sentensi mbili,
zote mbili zinachechemea.

Nikamfikiria mwandishi wa usiku ule,
roshani juu ya vichwa vya waheshimiwa,
ndugu yangu wa kazi:
alifuta vikohozi, akafuta kigugumizi,
akazifunga bandeji sentensi zilizovunjika mguu,
na alipofika kwenye kicheko
mkono ukasita, ukakiacha.

Hukumu baada ya wiki sita.
Nje mvua ya ubavuni, basi limechelewa.
Prosser amempa nakala ya ukurasa;
ameikunja mara nne, ameitia
kwenye kitabu cha baharia, baina ya muhuri wa Valparaiso
na muhuri wa Hull, akarudisha mpira.

Saa yangu imekwisha, kiapo kimebaki chumbani,
sasa naweza kuongeza nitakalo.
Ananiuliza: "Nani alicheka?"

Nafungua nakala yangu chini ya mwavuli.
Tranter wa zamani zile, labda. Au mtu mwema aliyechoka.
Mvua inalainisha karatasi.
Kila aliyesema ana jina na jimbo lake.
Kicheko hakina.